Spider-Man na Deni la Mtu Aliyenyamaza

Watazamaji wangu, karibuni tena Mikindani, pwani ya kusini mwa Tanzania. Leo ninacho mkononi kitabu kinachokusanya katuni za Spider-Man za miaka ya 1960, kilichonifikia kwa basi kutoka Dar es Salaam, nami nitawaeleza kwa nini, kati ya mashujaa wote wa katuni niliowasoma, huyu ndiye aliyenigusa kuliko wengine.

Spider-Man alitokea mara ya kwanza mwaka 1962, katika toleo la 15 la jarida la katuni la Amazing Fantasy, hadithi ikiwa ya Stan Lee na michoro ya Steve Ditko. Ni hadithi ya kurasa 11 tu. Peter Parker, mwanafunzi yatima wa New York ambaye ndiye atakayekuwa Spider-Man, anang'atwa na buibui mwenye mionzi ya nyuklia, anapata nguvu zisizo za kawaida, kisha anaanza kuzitumia kujitafutia fedha na jina kwenye televisheni. Siku moja mwizi anapita mbele yake huku akikimbizwa na polisi. Peter angeweza kumzuia bila taabu, lakini anamwacha apite kwa kuwa anaona jambo hilo halimhusu, na baadaye mwizi huyo huyo anamuua Ben, mzee aliyemlea. Wengi wetu tumezoea kumwita Ben mjomba, kwa kufuata neno la Kiingereza. Kwa hesabu ya ukoo ya huku kusini, ambako mjomba ni ndugu wa mama na neno lake lina uzito wake, Ben ni baba mkubwa, kwa sababu ni kaka wa baba yake Peter; na May, mkewe, ni mama mkubwa. Nitawaita hivyo, maana mimi pia nimelelewa na mama mkubwa.

Hapo ndipo hadithi hii iliponishika. Nilipokuwa kijana nilifanya kibarua kwa mnunuzi mmoja wa kangomba, yaani wale wanaopita majumbani kununua korosho kwa bakuli badala ya mizani, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hupeleka korosho zake ghalani zikapimwa kwa mizani naye akapewa stakabadhi. Kazi yangu ilikuwa kushika mdomo wa gunia. Bakuli lake lilikuwa la bati, na kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikatokeza nje, hivyo kila kipimo kilimeza korosho zaidi ya mkulima alivyodhani. Niliona vyema, kwa kuwa kila lilipowekwa chini lilikuwa likiyumba. Jioni moja bibi mmoja mjane alipimiwa mavuno yake ya msimu mzima kwa bakuli lile, akapokea fedha zake, akazihesabu mara mbili, akatuaga kwa heshima. Sikusema neno. Nilijiambia kwamba mimi ni mshika gunia tu, na wenye kupimana ni wao wawili.

Mashujaa wengi wa katuni husukumwa na ubaya waliotendewa na wengine. Peter anasukumwa na jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitenda wakati alipoweza, na sijui shujaa mwingine ambaye asili yake inafanana hivi na maisha ya watu wa kawaida, kwa maana wachache wetu tumewahi kuwa wezi, lakini wengi tumewahi kusimama kando tukatazama. Sentensi mashuhuri inayofunga hadithi ile, kwamba uwezo mkubwa lazima uandamane na wajibu mkubwa, huzungumzia uwezo mkubwa. Mimi nilikuwa na uwezo mdogo, wa kufungua kinywa tu, na bado ninaona kwamba sentensi ile ilinihusu.

Sasa niwaonyeshe sehemu iliyonifanya nikinunue kitabu hiki, ambayo ni toleo la 33 la jarida la The Amazing Spider-Man, la mwaka 1966. Mama mkubwa May yuko hospitalini, anakufa taratibu kwa sababu damu aliyopewa na Peter ina mionzi. Dawa ya kumwokoa imo katika chupa iliyo sakafuni, hatua chache tu kutoka alipo Peter, naye amelaliwa na mtambo mzito wa chuma huku maji yakivuja kutoka juu. Nitasogeza ukurasa karibu na kamera. Tazameni jinsi Ditko anavyotumia picha ndogo zilizobanana, kama mtu aliyekosa pumzi. Anamkumbuka Ben, anamkumbuka May, anajaribu, anashindwa, anajaribu tena, na picha zinazidi kupanuka kadiri mtambo unavyoinuka, mpaka ukurasa wa tano unapokuwa picha moja tu, chuma kikiwa juu ya mabega yake. Hakuna adui anayepigwa katika kurasa hizi. Kuna kijana anayekataa kumpoteza mlezi wa pili kwa uzembe wake, na kila ninapofika hapa mikono yangu hukaza kitabu bila mimi kutaka.

Kuhusu kitabu chenyewe, karatasi ni nzito na inang'aa, na rangi zimekolezwa kuliko nilivyotarajia. Unyevu wa pwani yetu umeanza kukunja jalada, kwa hiyo ninakihifadhi ndani ya khanga. Maneno ni mengi mno katika baadhi ya kurasa, na nyakati nyingine maandishi yanaeleza jambo ambalo mchoro umekwisha kulisema. Aidha, wasichana wa shuleni kwa Peter hawakupewa nafasi inayowastahili. Kiingereza chake si kigumu, na kijana wa kidato cha pili atakifuata.

Anayetaka kukisoma asikimbilie toleo la 33. Aanze na la 31, ambako May anaanguka na Peter anakuwa na mawazo mengi kiasi kwamba wenzake wapya chuoni wanamdhania kuwa ana majivuno, kisha asome la 32 bila kuruka. Akifika mahali maji yanapoanza kuvuja, apunguze mwendo na atazame picha moja moja kabla ya kufunua ukurasa wa tano.