Uhakiki wa Stardew Valley: Shamba Lisilo na Dalali

Katika vibanda vya pleisteshini vya Kaptembwo na Section 58 hapa Nakuru, mchezo unaotawala ni kandanda, na sababu yake inaeleweka: wawili hulipia mchuano mmoja, mmoja hushinda, kisha aliyeshindwa humpisha anayengoja zamu. Stardew Valley, mchezo wa video wa kulima shamba, usingefaa biashara hiyo hata kidogo. Hauna mshindi wala kipenga cha mwisho, na mtu akishaketi kuucheza hataki kumpisha yeyote. Nimeucheza kwenye simu kwa muda wa kutosha kuweza kueleza kwa nini, na maoni yangu ni kwamba kinachomnasa mchezaji si kilimo chenyewe bali ni uhakika wa malipo. Kila jasho linalomwagika katika shamba lile lina bei inayojulikana tangu mbegu inaponunuliwa.

Mchezo huu ulitolewa kwa ajili ya kompyuta mnamo Februari 2016, ukafika kwenye iPhone mwaka 2018 na kwenye simu za Android mwaka 2019. Uliundwa na Mmarekani mmoja, Eric Barone, ambaye kwa zaidi ya miaka minne aliandika programu, akachora picha, akatunga mazungumzo na muziki peke yake, akiwa amevutiwa na Harvest Moon, mchezo wa kilimo uliotoka Japani mwaka 1996. Kisa chake ni chepesi: mfanyakazi wa ofisini aliyechoshwa na shirika liitwalo Joja anarithi shamba la babu yake kando ya mji mdogo wa Pelican Town, analikuta limejaa mawe, magogo na magugu, na anaanza maisha akiwa na sarafu 500 mfukoni na mbegu 15 za parsnip, ambazo ni mizizi myeupe inayofanana na karoti.

Siku huanza saa kumi na mbili asubuhi na ni lazima mhusika awe kitandani kabla ya saa nane usiku, la sivyo huzirai popote alipo. Kwa saa zetu za kawaida siku hiyo nzima haifiki robo saa. Humo ndani unapaswa kumwagilia kila shimo kwa mkono, kuwapapasa kuku, kupasua kuni, kwenda dukani kabla halijafungwa, na kufanya yote hayo bila kumaliza nguvu za mwili, ambazo hupungua kwa kila jembe linalopigwa. Mapema kabisa unagundua kwamba haiwezekani kufanya yote, na kwamba unapaswa kuchagua. Jioni unatia mavuno katika sanduku lililo karibu na nyumba, unalala, na skrini inakuonyesha hesabu: mazao kiasi hiki, samaki kiasi hiki, jumla kiasi hiki. Kisha jogoo anawika na siku mpya imekwisha kuanza kabla hujaamua kama ulitaka kuendelea.

Hapo ndipo ustadi wa mtengenezaji unapoonekana. Parsnip hukomaa kwa siku 4, viazi kwa siku 6, koliflawa kwa siku 12, na kwa kuwa huvipandi vyote siku moja, karibu kila asubuhi kuna kitu kilichobakisha siku moja tu kuiva. Juu ya mazao kuna mgodi wenye ngazi 120, ambao lifti yake husimama kila baada ya ngazi 5, kwa hiyo mchimbaji aliyefika ngazi ya 38 hawezi kuondoka bila kuitafuta ya 40. Kuna gari la mchuuzi linalopita Ijumaa na Jumapili. Kuna sherehe ya mayai tarehe 13 ya majira ya kwanza, ambako mbegu za stroberi huuzwa, na anayejua jambo hilo huanza kuweka akiba mapema. Mizunguko hii yote ina urefu tofauti na haimaliziki pamoja hata siku moja. Mtu akitafuta mahali pazuri pa kuzima simu, hapaoni.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa ndoo ya kumwagilia. Mfua chuma wa mjini, Clint, huiboresha ya kwanza kwa sarafu 2,000 na vipande 5 vya shaba, lakini hukaa nayo siku mbili, na siku hizo mimea haina wa kuinywesha. Basi mchezaji mzoefu huwasha televisheni ya nyumbani kila asubuhi kusikiliza utabiri wa hali ya hewa, na siku inapotangazwa kwamba kesho itanyesha, huikimbiza ndoo kwa Clint leo hii. Mvua humwagilia kesho kwa niaba yake, naye anaichukua ndoo keshokutwa bila kupoteza hata mche mmoja. Ni mpango mdogo sana, lakini furaha yake ni kubwa kupita kiasi, na imejengwa juu ya jambo moja ambalo mkulima wa Rift Valley angelipa fedha nyingi kulipata: utabiri ukisema kesho mvua, kesho ni mvua.

Nilimwonyesha mchezo huu shangazi yangu anayelima viazi upande wa Molo. Alitazama nikivuna mstari mmoja wa viazi na kuvitia sandukuni, kisha akaniuliza dalali anakuja kuvichukua saa ngapi.

“Shangazi, hapa hakuna dalali. Vikiwa ndani ya sanduku, asubuhi pesa zimeshaingia.”

“Bei gani?”

“Sarafu 80 kila kimoja. Mbegu nilinunua 50.”

“Na kama kila mtu amevuna viazi wiki hiyo?”

Nikamweleza kwamba bei haishuki, hata ukiuza elfu moja kwa siku moja, na kwamba katika mji ule mzima karibu hakuna mwingine anayepeleka mazao sokoni. Alicheka sana. “Basi hilo si shamba,” akasema, “hiyo ni benki.” Sijasoma uhakiki wa kitaalamu uliousema ukweli huo kwa maneno machache kuliko yake.

Kwa yeyote aliyekulia karibu na shamba halisi, orodha ya vitu ambavyo mchezo huu umeviondoa ni ndefu kuliko ya vile ulivyoviweka. Hakuna kiwavijeshi, ambaye tangu 2017 amekuwa akiyala mahindi yetu kutoka ndani ya kikonyo. Hakuna ugonjwa wa mahindi ulioonekana Bomet mwaka 2011 ukasambaa kwingi. Udongo hauchoki, mbolea ni ya hiari, na ndege waharibifu huzuiwa na sanamu moja ya kuwafukuza. Mahindi yenyewe hukomaa kwa siku 14, halafu bua lile lile huzaa tena kila baada ya siku 4, maajabu ambayo ukimsimulia mtu wa Njoro aliyengoja miezi sita na zaidi kuvuna mara moja tu, atakuomba mbegu. Adhabu kali pekee ni mwisho wa majira. Mwaka una majira manne ya siku 28 kila moja, na yanapobadilika, mimea isiyo ya majira mapya hufa yote usiku mmoja. Hata hivyo kalenda iko ukutani, na aliyefiwa na mimea yake aliijua tarehe.

Sisemi haya kuukosoa mchezo. Nadhani ndiyo siri ya utulivu wake. Kazi bado ni ya kuchosha, tena ya kurudiarudia, lakini kisichotabirika kimeondolewa karibu chote, na akili iliyoshinda mchana kutwa ikipambana na yasiyotabirika hupumzika kwa kufanya kazi ambayo mwisho wake unaonekana. Labda ndiyo sababu watu wengi ninaowajua wanaoucheza wana ajira ngumu za mchana, na wakirudi nyumbani huenda kulima.

Inafaa kuulinganisha na wenzake. FarmVille, uliovuma kwenye Facebook tangu 2009 hadi ulipofungwa mwisho wa 2020, ulimrudisha mchezaji kwa vitisho: usipofika kwa wakati, mazao yananyauka. Hay Day, uliotoka 2012 na ambao bado uko kwenye simu nyingi hapa Kenya, hauui mazao yako, lakini unakungojesha. Ngano ni dakika 2, mahindi dakika 5, na vitu vya baadaye ni saa nyingi, kisha unauziwa almasi za kufupisha kungoja huko. Stardew Valley hauuzi chochote baada ya kuununua. Hauna matangazo, hauhitaji intaneti baada ya kupakuliwa, kwa hiyo bando lako liko salama, na umeme ukipotea mtaani unacheza hadi betri iishe. Ukiuacha mwezi mzima, utaukuta ulivyouacha, hakuna kilichooza. Ninauona kuwa mwadilifu zaidi kuliko hiyo miwili, na papo hapo ndio unaokula saa nyingi zaidi, kwa sababu hauna pa kukusimamisha ungoje.

Watu wa mji hawapaswi kusahaulika. Pam alikuwa dereva wa basi. Basi limeharibika, naye anashinda baa kila jioni. Msomaji yeyote aliyewahi kukaa karibu na stendi anamjua Pam. Ukichangia jumla ya sarafu 42,500, basi hutengenezwa na Pam hurudi kwenye usukani, na siku ya kwanza kumkuta akingoja abiria ilinigusa kuliko nilivyotarajia kwa picha ndogo ya vijimraba. Linus anaishi katika hema na hataki kuhurumiwa. Urafiki nao hujengwa kwa zawadi mbili kwa wiki, jambo ambalo, nikiwa mkweli, hugeuka upesi kuwa hesabu nyingine ya kujaza, na mazungumzo hujirudia mno ukifika mwaka wa pili.

Kasoro nyingine ni za chombo. Kuvua samaki kwa kidole juu ya kioo kunakera; mstari unarukaruka, kidole kinaziba unachopaswa kukiona, na samaki wanaolipa vizuri ndio wagumu zaidi. Maandishi ni madogo kwa simu ya bei nafuu. Kiswahili hakimo katika lugha zake, hivyo mzazi au babu asiyesoma Kiingereza ataambulia picha tu. Na duka la mbegu la Pierre hufungwa kila Jumatano, kero ambayo sijaizoea hadi leo.

Bei ya toleo la simu ni takriban dola 5 za Marekani, inayolipwa mara moja tu, na kwenye Google Play unaweza kulipa kwa M-Pesa. Kwa bei hiyo unapata pia masasisho yote ya bure, likiwamo lile kubwa la 1.6 lililofika kwenye kompyuta Machi 2024 na kwenye simu Novemba mwaka huo. Mwenye uwezo wa kuchagua auweke kwenye kishikwambi au kompyuta, ambako kuvua samaki kunavumilika. Tofauti moja tu aijue: kwenye kompyuta mchezo huhifadhi maendeleo pale mhusika anapolala, kwa hiyo ukizima katikati ya siku umeipoteza siku hiyo, ilhali kwenye simu unaweza kuendelea kutoka pale ulipoachia. Kwa anayecheza ndani ya matatu kati ya Njoro na mjini, simu inatosha kabisa.