Viini viwili au vinne: Core i5-7200U na Core i5-8250U

Katika soko la kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika, prosesa mbili za Intel huwekwa rafu moja mara kwa mara: Core i5-7200U ya mwaka 2016, yenye viini viwili (kiini ni sehemu ya prosesa inayotekeleza kazi), na Core i5-8250U ya mwaka 2017, yenye viini vinne. Zote ni i5 na zote zimekadiriwa wati 15, kwa hiyo mnunuzi asiyesoma namba hadi mwisho huziona kuwa ni kitu kimoja.

Kwa anayeandika barua tu, tofauti haionekani sana, maana programu ya kuandikia hutumia muda mwingi ikisubiri vidole vya mwandishi. Tofauti hujitokeza pale mtu anapokuwa katika mkutano wa video, huku antivirusi ikikagua diski na kivinjari kikiwa na kurasa kadhaa zilizofunguliwa: viini viwili hulazimika kuzipokezanisha kazi hizo zamu, hata sauti ikaanza kukatika na kishale kikaganda, ilhali vinne huwa na nafasi ya kuzigawana.

Kasi ya msingi ya 8250U ni GHz 1.6 dhidi ya 2.5 ya mwenzake, jambo linalowapotosha wengi. Mzigo ukiwa mwepesi hupanda hadi 3.4, nayo 7200U huishia 3.1. Hata hivyo, viini havizibi pengo la RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na mashine yenye GB 4 itakwama vilevile. Mimi ningechukua 8250U, hasa kwa kuwa Windows 11 inaitambua rasmi, ilhali 7200U imeachwa nje.