Dawa bila kijiti: baa moja ya Diani imenichefua

Nyota mbili, nazo nazitoa kwa shingo upande.

Baa yenyewe iko ufuoni, upepo mwanana, muziki hauumizi masikio. Juzijuzi nikaagiza dawa, ile kokteli ya vodka, ndimu na asali. Ikaja glasi ndefu imejaa soda ya ndimu, vodka ya kutafuta kwa tochi, asali ya kubinya kwenye chupa imetuama chini. Mrija wa plastiki. Kijiti cha asali hakuna.

"Mwanangu, kijiti kiko wapi?" nikamuuliza kijana wa kaunta. Hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Mama, hayo ni ya zamani. Hii ndiyo dawa ya kisasa, wazungu wanaipenda."

Wazungu! Kinywaji kilichopatia sifa zake Nairobi, pale mkahawa wa Carnivore, leo nifundishwe na mtu anayechati!

Sikatai mageuzi. Dawa yenyewe imetokana na caipirinha, kokteli ya Brazil: cachaça, pombe yao ya miwa, ikatoka, vodka ikaingia, asali ikaongezwa. Ukinitilia jini badala ya vodka, nakunywa. Tangawizi kidogo, karibu. Sukari nyeupe badala ya ile ya kahawia, hatugombani. Ila kijiti si pambo jamani! Asali ikigusa barafu hukaza, haiyeyuki ovyo. Ndiyo maana inazungushwa kwenye kijiti, nawe unaponda vipande vya ndimu kwa kijiti hicho hicho. Ganda linatoa harufu na ukali wake, asali inaachia taratibu. Fundo la kwanza linakukunja uso, la mwisho tamu. Utamu unaupima mwenyewe, hakupimii mtu. Toa hilo, kilichobaki ni vodka na soda, basi iandikwe hivyo kwenye menyu. Wabrazili ukitia vodka hawakuachii jina la caipirinha, wanakwambia hiyo ni caipiroska. Caipirinha wameilinda mpaka kwenye sheria: cachaça, ndimu, sukari.

Ingawa, haki yao niwape, pweza wa nazi alikuwa laini kabisa. Na dada aliyetuhudumia mezani, bila kuombwa, aliniletea ndimu mbichi iliyokatwa na kijiko nijipondee mwenyewe, akaniomba radhi kwa sauti ya chini ili yule kijana wa kaunta asisikie. Kwa ajili yake nilikuwa tayari kupandisha nyota, hata nne.

Halafu bili ikaja. "Dawa spesho", imezidi bei ya jini na toniki! Spesho ya nini, ya mrija? Nikaipeleka kaunta. Yule kijana akaisoma, akamwonyesha mwenzake, wakacheka. Nililipa, maana nilikuwa na wageni na sikutaka kuwaaibisha.

Sasa ni nyota moja. Hiyo nayo ni ya mpishi na dada yule, kaunta haina chake hapo. Mkienda, kuleni pweza, mnywe bia, na ifunguliwe mbele yenu.