Shure SM58, maiki ninayotembea nayo mwaka wa nne: harusi, baa na vumbi la Dodoma

Mbukwenyi ndugu zangu. Hii naandika kwa ajili ya waimbaji, hasa nyie mnaopiga kazi za harusi, send-off, kipaimara na baa huku Dodoma, Singida, Kondoa, Mpwapwa na kote tunakopelekwa na Noah usiku. Nazungumzia maiki ya Shure SM58 ya waya, ile ya kawaida kabisa isiyo na swichi, ipo kwenye mkoba wangu mwaka wa nne sasa. Sijapewa na mtu na hakuna anayenilipa niandike, nimeinunua kwa hela yangu ya kuimba tena niliichanga kidogo kidogo kwenye kibubu.

Kwa mimi hiki ndo kitu cha kwanza mwimbaji anatakiwa anunue, kabla ya magauni, kabla ya simu kali, kabla hata ya kwenda studio. Sababu yangu ni koo.

Angalieni bendi yoyote inaposhuka kwenye gari. Wa solo ana gitaa lake, wa kinanda ana kinanda chake, mpiga dramu hata akikuta dramu ukumbini anakuja na fimbo zake na sahani zake, sisi waimbaji tunashuka mikono mitupu tunaenda kushika maiki ya ukumbi. Miaka saba nimeimba hivo. Maiki ya ukumbi haina mwenyewe, wavu umebonyea, sponji ya ndani imeoza ina mate na bia na lipstiki ya mtu usiyemjua, mchana imetumika kwenye kikao cha semina jioni inaletwa harusini bila hata kufutwa. Sauti yako inatoka imezibwa kama unaongea ndani ya ndoo, na ukishakuwa hujisikii kwenye monita, ile spika inayokurudishia sauti yako jukwaani, unafanya nini, unapiga kelele, bendi nyuma yako sebene limechanganya, wa solo kaongeza, na wewe unavuta tu kooni kuanzia saa tatu usiku mpaka saa nane, halafu kesho yake mna kazi ya mchana Manyoni. Disemba ya 2019 sauti ilikata kabisa. Daktari akaniambia ninyamaze wiki tatu. Wiki tatu za Disemba! Wanaoifanya hii kazi wanaelewa, hizo ndo wiki ambazo mtu anatafuta kodi ya nyumba ya miezi sita, mana Kwaresma ikiingia harusi zinasimama na Ramadhani baa nyingi muziki unapungua. Nilikua nalipwa elfu arobaini, hamsini kwa usiku, nikakaa nyumbani naangalia simu inaita tu.

Nilipopona nikaamua nanunua yangu. Nikaagiza Dar, duka silitaji, ikaja kwa basi mpaka stendi ya Nanenane, elfu sabini na tano. Boksi zuri, maandishi yote, na kimkoba chake ndani. Nikafurahi sana. Mwezi wa pili tuko Mpwapwa kwenye harusi, maharusi wanaingia na mimi ndo nawaimbia wimbo wao, maiki ikaanza kukoroma, kila nikisogeza mkono sauti inakatika inarudi, inakatika inarudi, bibi harusi yuko katikati ya ukumbi ananiangalia mimi. Nikamalizia ule wimbo kwa maiki ya MC. Niliumia, mana wale watu wameshachangishana miezi wapate ile siku moja. Kesho yake fundi akaifungua, ndani nyaya nyembamba kama nywele na solda imeachia. Ilikua feki.

Kaka yetu wa besi, mtu mzima amepiga bendi kabla mimi sijaanza shule, ndo akanifundisha. Akasema mdogo wangu usisome boksi, pima. Shure wenyewe wanaandika SM58 ina uzito wa gramu 298. Nikaenda soko la Majengo kwa mama mmoja anauza dagaa ana mizani ya dijitali, nikamwamkia nikamwomba, ile feki ikasoma 236. Mama akauliza mwanangu leo unapima nini, nikamweleza yote akanipa pole. Ya sasa nilipoipata nilirudi kwa yule yule mama, ikasoma 299.

Uzito peke yake hautoshi lakini, kuna feki wanaziwekea chuma ndani ziwe nzito. Kwa hiyo angalia pini tatu kule chini unapochomeka waya, kwenye orijino kuna vinamba 1, 2, 3 vidogo sana vimechongwa pembeni ya kila pini. Halafu muombe muuzaji mfungue pamoja, taratibu, ile shingo inazungushwa inaachana na mwili, utaona nyaya mbili zinatoka kwenye kapsuli, kile kidude cha ndani kinachonasa sauti, moja njano moja kijani. Muuzaji wa haki hakatai kufungua. Akikataa ondoka, na bei ikiwa ndogo mno ondoka pia, mana huko kwao Marekani kwenyewe kwa miaka mingi imeuzwa dola 99, sasa mtu hapa anakuuziaje elfu sabini na tano ikiwa mpya. Mimi nililipa laki tatu na elfu sitini, mpya, na waya juu yake nikanunua tofauti elfu thelathini kwa sababu boksini waya haumo.

Sasa kazi yenyewe. Hii maiki ilitoka mwaka 1966, kampuni ilianzia huko Chicago, na kapsuli yake imetokana na ile iliyobuniwa na mhandisi wao Ernie Seeler mwaka 1959. Hilo SM maana yake ni maiki ya studio, waliikusudia studio, waimbaji wa jukwaani ndo wakaibeba wakaifanya yao. Ndani kuna utando mwembamba umeshikana na koili ndogo, koili imekaa kwenye sumaku, ukiimba utando unatikisika na koili inatikisika nayo, umeme unazaliwa hapo hapo. Kwa hiyo haina betri, haihitaji ile volti 48 ya kwenye mikisa ya kuendeshea maiki za aina nyingine, na hata fundi mitambo akiiwasha kwa bahati mbaya haidhuriki kama waya wako ni mzima. Kwetu sisi hiki ni kitu kikubwa, umeme ukikatika mkahamia jenereta ukumbi mzima unahangaika na maiki za wayalesi, wewe unaimba.

Sauti yake nimeielewa hivi. Inachukua hezi 50 mpaka 15,000, yani kuanzia sauti nene mpaka nyembamba, chini kabisa imepunguzwa ili isibebe ngurumo za jukwaa, na pale kwenye hezi elfu nne mpaka sita imeinuliwa kidogo. Pale ndo maneno yanapokaa. Ndo mana ukiimba juu ya magitaa mawili na kinanda watu wa meza za nyuma wanasikia jina la bwana harusi vizuri. Usiku wa kwanza naitumia, Nkuhungu, nilijisikia kwenye monita mpaka nikapunguza sauti mwenyewe, nikarudi nyumbani saa tisa naongea kawaida kabisa, nikakaa kitandani nikalia. Tangu hapo sijakauka sauti tena.

Kingine inasikiliza mbele tu, nyuma yake imeziba. Ukiweka monita chini mbele yako, ile mkia wa maiki ukitazama monita, haipigi mluzi kirahisi hata kwenye zile kumbi za mabati na vigae ambazo sauti inarudi kila upande. Lakini inabidi uishike mwilini. Wadogo zangu wa kurap hili nawaomba sana, ukikaba kichwa cha maiki kwa kiganja unaziba matundu ya nyuma, hapo imeshakua maiki ya kusikiliza kila upande, sauti inageuka ya puani na mluzi unaanza, alafu lawama anabeba fundi mitambo. Maiki nzuri ukiishika vibaya inakua sawa na ile ya ukumbini.

Vumbi. Wenyeji mnajua upepo wa mwezi wa saba na wa nane, jukwaa likiwa nje Ihumwa au Nzuguni ikifika saa nne usiku kila kitu kina rangi ya udongo. Hii kichwa chake kinafunguka kama kifuniko cha chupa, unakitoa peke yake, unakiosha na maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, mswaki laini, unakiacha kikauke KABISA ndo unarudisha. Kapsuli usiiguse na maji. Naosha kila Jumatatu, siku ya kupumzika. Upepo ukiwa mkali sana navalisha sponji ya nje ya elfu mbili, bila hivo inavuma. Imeshadondoka mara nyingi, mara moja juu ya sakafu ya zege kutoka kwenye stendi, wavu ukabonyea upande, sauti haikubadilika hata kidogo. Wavu wake wa akiba unauzwa, namba yake RK143G, na kapsuli ya akiba inaitwa R59, kwa hiyo hata ikifa siku moja unabadilisha moyo wake badala ya kununua nzima. Ziandikeni hizo namba mahali.

Kuna siku moja naikumbuka kuliko zote. Tuliitwa kupiga kwenye chakula cha jioni cha wageni wa mkutano, hapa mjini, na waandaaji wakamleta mzee mmoja kutoka Chamwino na ilimba yake, ile ala ya Kigogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, mnajua huku Dodoma ndo alikotoka marehemu Hukwe Zawose aliyeupeleka muziki wa Kigogo duniani kote. Fundi mitambo alikua anaweka maiki mbali, kwenye stendi ndefu, ilimba haisikiki kabisa, inasikika tu vijiko vya wageni. Nikatoa yangu, nikamwomba mzee ruhusa, nikaishusha mpaka karibu kabisa na tundu la ilimba, kama vidole viwili hivi. Hii maiki ukiisogelea inaongeza besi yenyewe, ndo tabia yake, basi zile sauti nene za chini zikatoka na ule mlio wa kuzizima ukabaki juu yake, wageni wakaacha kula. Mzee alipomaliza akaishika akaigeuza geuza, akasema mwanangu, hiki kinasikia. Nikashindwa hata kumjibu.

Sasa na mipaka yake niiseme. Kwaya msiitumie hii kwa kuiweka mbele ya watu ishirini, haijatengenezwa kusikia mbali, mtaongeza mpaka mikisa ilie na bado sauti za nyuma hazitafika. Kwa kazi hiyo tafuteni maiki za kondensa. Mwimbaji mwenye sauti ndogo ya kunong'ona inambidi fundi apandishe geini, yani kukuza sauti kwenye mikisa, sana, na mikisa ya bei rahisi hapo inaanza kushusha kelele za shhhh. Ukitaka ule ung'avu wa juu kabisa wa studio hapa hutaupata. Na kukosa swichi kuna watu kunawasumbua, wakikohoa kila mtu anasikia. Mimi napenda ivo ivo, mana nimeona waimbaji wanaanza wimbo swichi imezimwa na ukumbi mzima unasubiri. Ipo yenye swichi pia, inaitwa SM58S, chagueni wenyewe.

Tatizo kubwa halitoki kwenye maiki, linatoka kwa watu kuitaka. MC ataiona nzuri ataomba aitumie mpaka mwisho, baba mzazi wa bibi harusi atapewa atoe neno, alafu inapita meza hadi meza hujui iko kwa nani. Nimejifunza kusema kwa heshima tu, baba samahani ya kwako ni hii hapa, nampa ile nyingine. Yangu nimeifunga uzi mwekundu chini na kupaka rangi ya kucha kwenye shingo, na kitu cha kwanza wimbo wa mwisho ukiisha ni kuichomoa, kabla ya soda, kabla hata ya kuulizia malipo. Kwenye Noah haikai na vyombo vingine nyuma, inakaa mapajani kwangu, kilomita 240 za Singida imekaa hapo mara nyingi.

Hela ya kuipata mimi niliitafuta msimu wa Bunge la bajeti. Mwezi wa nne mpaka wa sita mji unajaa, hoteli na baa zinataka bendi mpaka katikati ya wiki, nikawa nikilipwa elfu hamsini naweka elfu kumi kibubuni kila kazi, bila kugusa. Niliahirisha viatu, niliahirisha na nywele. Anayetaka kuanza na ya mkononi, iliyokwisha tumika, siwezi kumkataza, ila nendeni na mtu anayejua kufungua, na mizani kwa mama wa dagaa ipo.

Waya msiudharau jamani. Nimebadilisha waya mara tatu kwa miaka yote hii, maiki bado ni ile ile moja. Wiki hii Alhamisi niko nayo Area C, Jumamosi asubuhi tunapanda treni ya SGR kwenda kupiga send-off Dar, inakaa kwenye mkoba wa mkononi pamoja na kitana na maji yangu ya uvuguvugu.