Uzoefu wangu katika hoteli ndogo ya mtindo wa tembe, nje ya Dodoma

Nimelala katika hoteli nyingi zinazojiita za kiasili kwa sababu tu zimetundika vinyago ukutani na kutandika mkeka mapokezi. Hii, iliyojengwa kati ya majabali na mibuyu nje kidogo ya Jiji la Dodoma, imepita njia ngumu zaidi. Aliyeichora aliisoma kwanza nyumba ya tembe ya Wagogo, yenye paa bapa la udongo juu ya boriti na fito, iliyouzingira ua ambamo ng'ombe walilala, kisha akaifuata katika yale yaliyoifanya ifae katika nchi hii kame.

Kuta za vyumba ni za udongo, na unene wake unauona dirishani, ambapo sehemu ya ndani ina upana wa kutosha mtu kukaa na kusoma. Lipu nyekundu imeachwa na alama za viganja vya mafundi, na taa ya kitandani ikiwashwa, alama hizo hujitokeza moja baada ya nyingine. Nilikwenda mwezi wa Julai, wakati jua la mchana ni kali na usiku ni wa baridi, kwa kuwa Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Chumba hakina kiyoyozi wala sikukihitaji, kwani ukuta mnene huchelewesha joto la mchana hadi likafika ndani usiku, saa ambayo mtu analitaka. Upepo wa kiangazi, ule unaojaza vumbi machoni, ulipita juu ya mapaa, nasi tukanywa uji wa uwele uani kwa utulivu.

Chakula ni kizuri, hasa mlenda.

Lawama yangu ni moja, nayo si ndogo. Ukumbi wa kulia chakula umewekwa vioo kutoka sakafuni hadi darini upande wa magharibi, ili wageni walitazame jua likizama. Kuanzia saa tisa alasiri ukumbi huo haukaliki, na wahudumu hulazimika kufunga mapazia, kwa hiyo hata mandhari yenyewe haionekani. Nilipomweleza msimamizi, alinijibu kwa upole: "Ni kweli mama, wageni wengi wametuambia. Tunafikiria kuongeza baraza." Baraza lenye kivuli kirefu ndilo jibu sahihi, na ningefurahi likijengwa kabla ya Oktoba na Novemba, miezi ambayo joto la huku huzidi.

Anayetoka Dar es Salaam anaweza kupanda treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Aombe mapema gari la hoteli limpokee, kwa sababu kipande cha mwisho cha barabara ni cha mchanga, na bajaji hukwama.