Uzoefu wangu: Kutumia Xiaohongshu bila kujua Kichina

Xiaohongshu, mtandao wa kijamii wa Kichina wa picha na video, ilianzishwa Shanghai mwaka 2013, lakini wageni wasiojua Kichina walifurika Januari 2025, Wamarekani walipoikimbilia kwa hofu ya TikTok kufungwa kwao. Mwezi huohuo kikaongezwa kitufe cha kutafsiri. Kwa kusoma, kitufe hicho nakipa alama nzuri. Kuandika ni habari nyingine kabisa.

Menyu zikikujia kwa Kichina, fungua ukurasa wako, gusa mistari mitatu, ingia palipoandikwa 设置 (mipangilio), kisha tafuta lugha kwenye mipangilio ya jumla. Chini ya maoni, neno 翻译 ndilo la kugusa upate tafsiri.

Maandishi yaliyomo ndani ya picha yanahitaji njia yake, na watumiaji wengi huweka mambo ya maana hukohuko: vipimo vya mapishi, hatua za ufundi, bei. Piga picha ya skrini, ifungue kwa Google Lens, zana ya Google ya kusoma maandishi ya picha, uchague kutafsiri. Kama ni video, isimamishe wakati sentensi nzima imeonekana. Herufi za mapambo huvuruga usomaji, kwa hiyo kata picha libaki eneo la maandishi tu.

Sasa kuandika. Ukitafsiri kutoka Kiswahili, mashine hukwama mahali ambapo sisi hatuoni tatizo lolote. Saa ndiyo hatari zaidi: ukiandika "saa mbili asubuhi", anayesoma anaweza kuletewa saa nane za usiku. Mimi huandika 08:00, basi. La pili ni "alisema", "alikuja". Kiswahili hakibagui mwanamke na mwanamume hapo, ila Kichina cha maandishi hutumia 他 kwa mwanamume na 她 kwa mwanamke, na mashine huchagua yenyewe. Taja mtu kwa jina au cheo: "mama yangu alisema". Methali na misimu ziache kabisa, na kila wazo lipe sentensi yake fupi.

Kabla ya kutuma, nakili Kichina ulichopata, ukibandike kwenye programu nyingine ya kutafsiri, ukirudishe kwenye Kiswahili. Maana ikiwa imepinda, badilisha sentensi yako ya Kiswahili. Usihangaike kurekebisha Kichina usichokijua. Hatua hii inachukua muda mfupi sana na naiona ya lazima, hasa unapomjibu mtu aliyekueleza jambo zito au unapouliza kuhusu dawa na malipo.

Maoni mengine hayana cha kutafsiriwa. Ukikuta 666 chini ya video yako, usishtuke ukadhani umelaaniwa: ni pongezi, umefanya kazi safi. 88 ni kuaga. Herufi yyds ni sifa ya juu kabisa. Vifupisho vya namna hii vibandike kwenye sehemu ya kutafuta ya Xiaohongshu yenyewe; machapisho yatakayotokea yatakuonyesha vinatumikaje, jambo ambalo mashine ya kutafsiri mara nyingi hailiwezi.