Darasa la kamera pale Shangani, wapiga harusi msilikose

Asalam alaykum, kuna watu wananiuliza lile darasa la kamera la wikiendi pale Shangani lina faida au ni pesa inakwenda tu. Lina faida jamani, hasa kwa sie tunaopiga harusi na maulidi huku Unguja, ila kasoro zipo na ntazisema.

Kwanza nlichokipenda mwalimu hakutukalisha na michoro, katutoa nje saa sita ile jua la utosi, katusimamisha mbele ya ukuta wa chokaa akasema wekeni oto, yaani kamera ijipangie yenyewe, sogeeni ukuta ujae fremu, pigeni. Ukuta mweupe pee ukatoka kijivu kwa kila mtu! Tukageukia mlango wa nakshi, mbao nyeusi na misumari yake ya shaba, nao ukatoka umepauka kama umemwagiwa unga. Hapo ndo akaeleza kwamba mita ya kamera, kile kipimo chake cha mwanga, haijui mbele yake pana nini, yenyewe inachukulia kila kitu kina mwanga wa wastani, kijivu ile ya asilimia 18, kwa hiyo cheupe inakishusha na cheusi inakipandisha. Sasa fikiria bwana harusi kanzu nyeupe, bibi harusi shela jeupe, halafu safu nzima ya mabuibui meusi, unaona kazi hiyo? Kanzu imejaa fremu ongeza mwanga hatua moja, mabuibui yamejaa punguza hatua moja, na usiiamini skrini juani, tazama histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, kama imegota kulia ujue cheupe kimezidi mwanga. Hili pekee kwangu limetosha kulipa ada.

Namba za apacha, lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga, nazo kaziweka vizuri, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, kila ukipanda hatua tundu linazidi kuwa dogo na mwanga unaoingia ni nusu ya ule wa hatua ya nyuma yake, kwa hiyo shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) uipunguze spidi iwe nusu au ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) uipandishe mara mbili mambo yarudi palepale. Jua kali bila wingu weka f/16 (yaani apacha 16), ISO 100, shata 1/125 ya sekunde, umemaliza, na ukitaka f/8 basi shata iende 1/500. Nimeijaribu hii pale Darajani na mita nimeiwacha kabisa, picha safi.

Jioni tukashuka Forodhani kwa wale vijana wanaoruka baharini. 1/1000 kijana kaganda hewani na kila tone la maji unaliona, 1/60 anabaki mvuruto tu. Baadae giza likaingia, moshi wa mishkaki, taa za mezani, na hapa wenye lenzi ya kawaida ya 18-55 wasikilize: ukiwa milimita 18, yaani hujazumu, apacha inafunguka mpaka 3.5 lakini ukizumu mpaka 55 inakomea 5.6, mwanga zaidi ya hatua nzima umeshapotea, kwa hiyo bora usogee kwa miguu. Mie nlikaa 1/60 na ISO 3200, chengachenga zipo lakini uso wa mpishi unaonekana, na bora chengachenga kuliko picha iliyotikisika maana ile hata kompyuta haikusaidii.

Kasoro sasa. Watu tulikuwa wengi mno kwa mwalimu mmoja, wenye kamera za kuazima wakawa wanangoja zamu jua linawapita na si haki, wamelipa sawa na wengine. Makaratasi waliyotugaia yote Kiingereza tena fotokopi imefifia, na hii ni Zanzibar, vijana wetu wa skuli wangeandikiwa Kiswahili wangekwenda nayo nyumbani wakafanya mazoezi wenyewe. Flashi haikuguswa kabisa, na harusi zetu nyingi ni usiku ukumbini!

Nawapa nyota nne. Ukienda chukua betri ya pili, na kama kamera huna subiri uipate kwanza. Wakiweka siku ya usiku peke yake na flashi ndani yake nalipia tena.